Strava kwa tunaoendesha baiskeli kupunguza mwili: ya bure inatosha

Nimeitumia Strava, app ya simu inayorekodi safari zako za baiskeli, muda sasa na naisifia kwa moyo wote, kwa sababu naona watu wananunua baiskeli wapunguze mwili, wiki mbili za mwanzo moto, baada ya hapo baiskeli imeegemezwa ukutani. Mara nyingi sio uvivu jamani, ni mzani. Unapiga pedali wiki nzima, unapanda pale unakuta kilo zilezile, unakata tamaa. Hii app inakupa kitu kingine cha kuangalia.

Njia yangu hapa Dar natokea Kawe, nashika barabara ya Mwai Kibaki, naingia Msasani, Coco Beach mpaka Daraja la Tanzanite. Ukimaliza na kusevu, inakuonyesha vipande vya barabara ulivyopita, wenyewe wanaita segimenti, kila kimoja na muda wako wa leo. Lile daraja lina kama kilomita moja na upepo wa bahari unakupiga ubavuni, sasa ukiona umepunguza sekunde kadhaa kulinganisha na mwezi uliopita wakati mzani haujasogea, unajua kabisa pumzi imeongezeka na mapaja yameshika, kesho unaamka alfajiri bila kusukumwa na mtu. Na zile kudos za washkaji, yaani like za kukupongeza, usizidharau, zinakutoa kitandani kweli.

Bando halina shida, inarekodi kwa GPS ya simu hata ukizima data, ukifika home ndo inapandisha. Chaji tu, toka simu ikiwa imejaa.

Ila kalori zake ni makadirio tu. Kama huna kifaa cha kupima nguvu unayokanyagia, inapiga hesabu kwa uzito uliojaza, spidi na vilima, kwa hiyo usizichukue zile namba ukaenda nazo kwenye chipsi mayai, hapo ndo wengi wanapofeli. Na ukipungua, badilisha uzito kwenye profaili.

Kulipia sioni sababu kwa anayeanza. Tangu 2020 kuiona orodha nzima ya wanaoshindana kwenye segimenti ni kwa wanaolipia tu, lakini wewe unataka kitambi kiishe, hao wenye spidi wa nini?

Kitu kimoja usiruke, hasa dada zangu: kabla ya safari ya kwanza ingia setingi za faragha ufiche mwanzo na mwisho wa njia, la sivyo ramani inaonyesha mpaka geti la kwenu.