Regent's Canal, London: njia nzuri mno, mwongozaji hovyo

Nianze na hili ili mtu asipoteze hela: njia ya kando ya mfereji wa Regent's Canal haina kiingilio. Unashuka ngazi, unatembea, basi. Ukilipa kampuni ikutembeze na kukuonesha madaraja, unanunua maelezo ya mwongozaji, hakuna kingine unachopewa. Na yule tuliyepewa sisi sijui nani alimruhusu kusimama mbele ya watu.

Ilikuwa Jumamosi moja kabla joto halijashika sawasawa. Shangazi yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, nami nikachagua kipande cha Little Venice hadi Camden kwa kuwa ni kifupi na tambarare, mtu mzima anaweza kwenda taratibu. Kwenye fomu ya kampuni niliandika kabisa kwamba nakuja na mzee. Wakajibu hakuna shida.

Mwanzoni sikuwa na neno. Pale Maida Hill mfereji unaingia chini ya ardhi kwa mita 249 na njia ya miguu inakatika. Mwongozaji akaeleza, na alieleza vizuri, kwamba farasi aliyevuta mashua alifunguliwa kamba akapitishwa juu, huku mabaharia wakilala chali na kusukuma kuta kwa miguu gizani mpaka watokeze upande wa pili. Shangazi alishika mdomo. "Na mizigo yote ile?" Nikajua siku itakuwa njema.

Kisha tukafika daraja la Macclesfield, upande wa Regent's Park.

Daraja hili limesimama juu ya nguzo nene za chuma cha kusubu zenye jina la Coalbrookdale, kiwanda kilikozisubu. Ukizitazama kwa karibu utaona zimelika kwa michirizi mirefu, kidole kinazama ndani. Shangazi alipitisha mkono pale akasema papo hapo, "Hii kamba, mwanangu. Kamba imekula chuma." Marehemu mume wake alifanya kazi kwenye matishari ya bandari ya Tanga, miaka ile ambayo meli zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa gatini kwa tishari. Kamba anazijua kuliko huyo kijana na cheti chake. Akaizunguka nguzo, akakuta michirizi mingine upande usiotazama maji. Akaniambia, muulize, kamba ilipitaje huku?

Swali la maana namna hii! Nikamuuliza mwongozaji. Hakugeuka hata shingo. "Mikwaruzo tu hiyo. Twendeni, tumechelewa, na mama yako anaturudisha nyuma."

Anaturudisha nyuma! Mtu mzima amesimama mbele ya daraja, kwenye matembezi yaliyotangazwa kuwa ya madaraja, anauliza habari ya daraja, halafu anaambiwa anachelewesha watu. Alishaanza kuondoka na kundi lake. Shangazi hajui Kiingereza kingi, lakini ile sauti aliielewa. Akaondoa mkono kwenye nguzo kama aliyekatazwa kugusa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Aliyetujibu ni bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa. Alimwona Shangazi bado anaitazama nguzo, akasimama mwenyewe, akamwamkia kwa heshima, akatueleza nami nikawa natafsiri. Alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874 tishari liitwalo Tilbury, likivutwa na tagi ya mvuke, yaani boti ya kukokota, pamoja na matishari mengine, lilipita hapa na shehena ya baruti na mafuta ya petroli. Likalipuka chini ya daraja hili hili. Watu watatu waliokuwamo wakafa, daraja likasambaratika. Nguzo zilisalimika, na walipojenga upya walizigeuza, kamba zikaanza kuula upande ambao ulikuwa mzima. Ndiyo sababu alama ziko pande zote mbili. Shangazi akamwombea dua pale pale, na wale mabaharia akawaombea rehema.

Yaani hadithi kubwa kuliko zote za njia ile, na tuliyemlipa akaiita mikwaruzo!

Mbele kidogo, chini ya banda refu la nyavu la bustani ya wanyama, Shangazi alipiga kelele: mbega! Ndiyo, mbega wa kwetu, manyoya meusi kwa meupe, wanaishi pale juu ya njia tangu 2022, katika banda ambalo zamani lilikuwa la ndege. Kundi letu lilikuwa limeshatoweka, tukakaa tukawatazama mpaka tukaridhika. Camden tukafika wenyewe, na Shangazi akakagua lile daraja la chuma linalovuka mfereji kwa mshazari karibu na malango ya maji. Kingo zake nazo zimeliwa na kamba. Mwongozaji tulimkuta kwenye vibanda vya chakula, akamwambia kila mtu kwamba matembezi yamekwisha.

Niliwaandikia kampuni. Wamenitumia vocha ya punguzo kwa safari ijayo, na neno moja kuhusu Shangazi hawakusema.

Nyota moja. Kwa haki ya yale maelezo ya Maida Hill niwape mbili. Lakini hapana, kila nikikumbuka ule mkono ukiondolewa kwenye nguzo narudi kwenye moja. Njia yenyewe ni tano kamili, nendeni, nendeni na wazee wenu, shukeni kituo cha Warwick Avenue mwende kwa mwendo wenu. Kampuni ikinirudishia hela nitaongeza nyota. Vocha siitaki. Wakimwomba Shangazi radhi, kwa barua yenye jina lake, nitafuta maneno haya yote, isipokuwa ya yule bwana wa mbwa.