Kuangalia mwaka ulopita: daftari au steitimenti ya M-Pesa?

Kabla ya kuweka malengo mapya wengi twajikalia pale Mama Ngina, kando ya bahari Mombasa, na dafu na kidaftari, twajaribu kukumbuka mwaka ulivyokwenda. Raha yake ipo, ila akili hushika ya Novemba na Disemba tu, ya Februari yashasahaulika kitambo. Steitimenti ya M-Pesa nayo haina haya, waiomba kwa *334# yaja kwa imeli, na hapo ndo waona bando, Fuliza (ule mkopo wa M-Pesa), tuktuk, michango ya harusi (hii Mombasa haiishi wallahi), na kile chama cha akiba ulosema utalipa kila mwezi kikaishia Machi. Lakini haikwambii mbona ulichoka wala nani alikusimamia ulipougua, hiyo kazi ya daftari. Mimi naona uanze na steitimenti, dafu baadaye.