Sima (saruji) ya kununua Lubumbashi: soma herufi kabla ya namba

Julai nilimwaga sakafu ya baraza nyumbani Ruashi. Siku ya nne fundi akaacha kuimwagia maji, siku ya sita tukaweka viti. Leo nikipitisha kidole pale chini kinarudi cheupe, kama nimeshika unga wa bukari.

Mfuko mmoja niliutunza. Karibu na mshono, kwa wino uliofifia: CEM II/B-V 32.5N. CEM II ni saruji iliyochanganywa na kitu kingine; 32.5 ni nguvu yake ikifika siku 28, kwa megapaskali, kipimo cha mgandamizo inaohimili. Hiyo V ndiyo iliyonipiga. Ni majivu ya makaa ya mawe, yale laini yanayonaswa kwenye moshi wa mitambo ya umeme (ya mbabula, jiko letu la makaa, siyo, tafadhali), na B inasema yamechukua asilimia 21 hadi 35 ya saruji.

Majivu hayo si wizi. Yanashikana na chokaa inayotoka saruji inapoiva, na kazi hiyo inataka maji na majuma mengi. Usiku wa Julai kwetu ni baridi, kwa hiyo inakawia zaidi. Likilowanishwa ipasavyo, zege hilo linaendelea kukaza hata baada ya siku 28, na maji hayalipenyi kirahisi. Wengi mmeniandikia mkiuliza bei na rangi. Hakuna aliyeuliza herufi.

Katika sima za kununua, kwangu ya kwanza, wala sifichi, ni ya kampuni ya Dangote, 42.5R, inayovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka upande wa Ndola, Zambia. R ni ya kukaza haraka, N ni ya mwendo wa kawaida: kwa R kiwango cha ubora kinadai megapaskali 20 katika siku mbili. 42.5N inadaiwa 10 tu, na 32.5N inasubiriwa mpaka siku ya saba ifikishe 16. Kwa linto (boriti ya juu ya mlango na dirisha), nguzo na paa la zege, hasa kama fundi wako ana haraka ya kung'oa mbao, sinunui nyingine.

Ya pili ni hiyohiyo yenye V, lakini kwa msingi na fosi septiki (shimo la maji ya choo), mahali penye unyevu wa kudumu. Funika kwa magunia, mwagia maji siku kumi. Kama bomba la mtaa wenu linakauka kila mara, iache.

32.5 nyingine za bei nafuu: plasta na kujengea tofali, basi.

Majivu ya kuchanganya mwenyewe, yanayouzwa kwenye mifuko isiyo na jina, usiguse. Yakiwa meusi yamebaki na makaa ambayo hayakuungua. Kwa daraja bora la Ulaya, uzito unaopotea yakichomwa upya hauzidi asilimia 5. Nani atakupimia hapa?

Kinachoniuma ni bei. Ile ya V niliuziwa kwa bei ya 42.5R, tena dola ikahesabiwa kwa kiwango cha muuzaji. Mifuko alikuwa ameipanga maandishi yakitazama ukutani. Nilimrudia na mfuko mtupu, nikamwonyesha herufi. "Mama, sima ni sima," akasema. Siku hizi sitoi pesa kabla mfuko haujageuzwa, nami nimeusoma hadi kwenye mshono.