Somo moja walimu wawili: uzoefu wangu wa kusoma mtandaoni nikiwa Uyole

Mimi ni afisa ugani hapa Uyole, Mbeya, na shahada ya uzamili naisomea mtandaoni kwa sababu kata haiwezi kukaa bila bwana shamba eti nimeenda chuo. Jina la chuo naliacha. Muhula uliopita tulikuwa na somo la Mbinu za Utafiti lenye walimu wawili: Dokta wa takwimu, na Madam ambaye kazi yake ni mahojiano na majadiliano ya vikundi. Kama na wewe unafikiria kujiandikisha somo la namna hii, basi jibu langu ni kwamba nusu ya kwanza ya muhula ilirudisha ada yangu, nusu ya pili ilikuwa kupeana zamu tu.

Mwanzoni wote wawili waliingia Zoom kila kipindi. Mmoja akifundisha, mwenzake anajibu maswali yetu kwenye chati, na likija swali zito anamkatisha: "Dokta, hebu rudi kwenye slaidi iliyopita, hapa kuna watu umewaacha." Peke yangu nisingethubutu kumwambia Dokta hivyo! Machi, mvua ikinyesha na umeme ukakatika upande wa mwalimu mmoja, kipindi hakikufa. Mwenzake alichukua pale pale.

Lakini raha yenyewe ilikuwa pale walipobishana. Kuna dada wa Njombe alitaka kuwachunguza wakulima waliohamia kwenye parachichi, kijiji chenye kaya 1,000. Dokta akaleta fomula ya Yamane ya kutafuta uhoji kaya ngapi, ile ya kugawa N kwa 1 + Ne², N ikiwa idadi ya kaya zote na e kosa unalolikubali. Ukiweka kosa la 0.05 unapata kaya 286. Sote tukainamia daftari. Madam akawasha maiki: "Naomba nikuchokoze kidogo. Hizo 286 zitakuambia wangapi wamepanda parachichi. Nani atakuambia kwa nini mama mwenye nyumba alisema shamba la viazi lisiguswe?" Yeye angehoji watu mpaka majibu yaanze kujirudia, na idadi huwezi kuipanga kabla. Dokta akamuuliza, sasa hao wachache watakisemeaje kijiji kizima? Madam akajibu kwamba hana nia ya kukisemea kijiji.

Dokta alicheka, kisha akatufungulia jambo ambalo akiwa peke yake sidhani kama angelisema. Fomula ile ni ya kukadiria asilimia, kwa uhakika wa asilimia 95, na sampuli iwe ya nasibu, yaani kila kaya iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kama hukadirii kitu, haikuhusu. Halafu akapiga hesabu ya kaya 100,000, ikatoka 398. Nikaelewa kwa nini tasnifu nyingi ninazosoma zina wahojiwa mia tatu tisini na kitu, hata za watu waliokwenda kukaa na wazee watatu chini ya mwembe. Dada wa Njombe alibadilisha swali lake la utafiti wiki ile ile.

Baada ya hapo ratiba ikabadilika. Tuliambiwa walimu wana majukumu, hivyo wiki hii ya Dokta, ijayo ya Madam. Kwenye mfumo wa chuo somo bado lilibeba majina mawili, ila darasani humwoni wa pili. Sampuli tulifundishwa upya kana kwamba hatujawahi kuisikia, na maadili ya utafiti yakapita juu juu kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameyamaliza. Ukiuliza unaambiwa "hilo muulize Madam", na Madam naye anakurudisha kwa Dokta.

Kilichouma zaidi ni usahihishaji. Asaimenti ziligawanywa, nusu ya darasa kwa huyu na nusu kwa yule. Dokta anataka marejeo yaandikwe kwa mtindo wa APA, Madam anataka wa Harvard, na maelekezo ya kazi hayakutaja lolote kati ya hayo. Kuna waliokatwa alama za kazi za muhula kwa mtindo ambao upande wa pili walisifiwa nao. Kiongozi wa darasa aliandika malalamiko, jibu likawa kwamba alama zimeshaingizwa. Walimu wawili bila mwongozo mmoja wa kusahihisha ni bahati nasibu, na hapo simlaumu Dokta wala Madam. Mwongozo huo ulipaswa kuandikwa kabla somo halijafunguliwa.

Bando ni la kuandaa mapema, maana vipindi vya watu wawili vinarefuka. Mimi nilikuwa nazima video yangu na kubaki na sauti na slaidi.

Kabla hujalipa, waulize kama walimu wote watakuwepo kila kipindi, na nani anasahihisha. Mimi niliuliza safari hii. Muhula ujao Madam yuko na mwalimu wa uchumi wa kilimo, ratiba inawaonyesha wote kila Jumamosi, na mwongozo wa alama tayari uko kwenye mfumo. Awamu ya kwanza ya ada nimeshalipa.