Soya, parafini au nta ya nyuki: ipi inafaa vipande vya kunukia katika joto la Arua

Natengeneza vipande vya nta ya kunukia, vile vikubwa vyenye mabonge ya rangi ndani ya nta nyeupe. Havina utambi. Unaweka kimoja kwenye chetezo chenye mshumaa mdogo chini yake, kinayeyuka, sebule nzima inanukia. Wanaonunua hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni akina mama wa mtaani na watu wa harusi, na wote wanataka kitu kimoja: kipande kibaki kizima mpaka siku ya kutumika. Kwa hiyo nta naichagua kwanza kwa ugumu wake, harufu baadaye.

Nta ya soya naipenda sana. Weupe wake unapendeza na harufu inatoka polepole, inakaa. Ila kuna ya aina mbili. Ile ya kumimina kwenye gilasi ni laini, inayeyuka kwenye nyuzi 50 hivi. Ile ya mishumaa inayosimama yenyewe ni ngumu zaidi na inatoka kwenye kalibu bila kunata. Kiangazi kikikaza, ile laini inatoa jasho la mafuta ndani ya mfuko na kona zake zinapinda. Muuzaji mmoja wa Kampala aliniambia soya ni soya tu, akanipa mfuko usio na maandishi yoyote. Hiyo si kweli, na mteja anaumia. Dada, kabla hujalipa, bonyeza kwa ukucha: ukizama kirahisi, hiyo ni ya gilasi, iache.

Parafini ndiyo ya bei nafuu. Ikipoa inasinyaa kidogo, kipande kinachomoka chenyewe, rangi zinang'aa, na harufu inapanda mara moja. Inatokana na mafuta ghafi ya petroli, na wapo wateja wasioitaka kwa sababu hiyo. Nawaheshimu, lakini kwa kazi yenyewe sina malalamiko nayo.

Nta ya nyuki huku kwetu West Nile hatuhangaiki kuitafuta, wauza asali wanayo. Iyeyushe ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, maana mara nyingi ina takataka za mzinga. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, joto letu haliigusi. Tatizo ni kwamba ina harufu yake ya asali na rangi ya manjano. Asmini inamezwa kabisa. Mdalasini, karafuu na vanila vinapatana nayo vizuri mno.

Baada ya kuzijua zote, sasa natumia mbili pamoja. Mabonge nayatengeneza kwa nta ya nyuki, nayakata yakiwa bado vuguvugu, kisha nayapanga kwenye kalibu na kumimina juu yake soya ngumu. Siri iko kwenye joto la kumimina. Soya ikiwa nyuzi 75, bonge linaanza kuyeyuka, rangi inatiririka na unapata tope. Ikishuka mpaka 60 hivi, uso wa bonge unalainika tu kiasi cha kushikana, na ukikata kipande unaona kingo zake kali, manjano dhidi ya nyeupe. Ikipoa kupita hapo, bonge linadondoka ukilivunja.

Mafuta ya manukato naweka gramu 8 kwa kila gramu 100 za nta. Ukizidisha sana, nta haiyabebi, yanavuja. Soya iache imefungwa wiki moja au mbili kabla ya kuuza. Ukiiyeyusha kesho yake utadhani muuza manukato amekuibia.

Buluu ndiyo rangi inayoishinda nta ya nyuki, maana juu ya manjano inageuka kijani. Bibi harusi akitaka buluu, mabonge natumia parafini ngumu, na soya naimimina ikiwa imepoa zaidi, ikianza kuwa na weupe kama ukungu.