Pipi za jumla za kugawia watoto wa Idi, Ujiji: zipi zinafaa

Kwa anayewagawia watoto wanaopita nyumba kwa nyumba siku ya Idi, pipi ngumu zilizofungwa mojamoja ndizo bora katika zinazouzwa kwa pakiti. Joto la Kigoma haliziyeyushi, na karatasi iliyosokotwa ncha mbili mtoto anaifungua mwenyewe. Kasoro: pakiti ikiachwa wazi zinavuta unyevu na karatasi inagandia pipi. Zihamishie kwenye kopo lenye mfuniko siku hiyohiyo. Walio chini ya miaka minne usiwape, zinakaba koo; wao wape biskuti laini.

Pipi za kijiti zinapendwa zaidi, ila kijiti kilicholegea kinachomoka mdomoni, kwa hiyo vuta kimojawapo kabla ya kulipa. Bigijii zinaishia kwenye nguo mpya. Chokoleti ziache, kufika adhuhuri ni uji mtupu.

Kiasi kinategemea mtaa. Palipo na milango wazi watoto huja makundi kwa makundi baada ya swala, nunua pakiti mbili. Mitaa ya mageti, pakiti moja inatosha, kwani wapo wanaosema kugawa huku ni kuwazoesha watoto kuomba. Hapana! Mtoto anasalimia, anatoa heri ya Idi, ndipo anapokea. Marekani, usiku wa Halloween tarehe 31 Oktoba, watoto nao hupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na asiyewataka huzima taa ya barazani nao wanampita. Huku asiyegawa afunge geti tu, asiwafokee.

Ukipendelea sarafu za 100 au 200, tafuta chenji mapema. Mkesha wa Idi madukani zinaadimika.