Kipimo cha siliaki cha nyumbani: nyota tatu kati ya tano

Nilikinunua kwa sababu dada yangu ana siliaki, yaani gluteni (protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai) huufanya mwili wake ushambulie utumbo wake mwembamba, na ugonjwa huu hurithika: kwa watu wote kwa jumla huwapata kama mmoja katika kila mia, lakini ndugu wa damu wa mgonjwa wana hatari kubwa zaidi. Mimi damu ilikuwa haipandi hata nikimeza vidonge vya madini ya chuma, na tumbo lilivimba kila nikila mkate.

Kukitumia hakuna shida. Unatoboa kidole (kipashe joto kwanza, la sivyo utakamua mpaka uchoke), unadondosha damu kwenye kichupa chenye maji yake, unatikisa, unaweka matone kwenye kibao, unasubiri. Mstari mmoja, hakuna kingamwili, miwili, zipo. Wa pili wangu ulitoka hafifu, nikaenda kuuangalia dirishani. Maelezo yanasema hata hafifu unahesabika.

Kinachoniudhi ni mahali walipoficha jambo kubwa kuliko yote. Kipimo hiki hakioni ugonjwa wenyewe. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutengeneza akiwa bado anakula ngano, shayiri au rai. Akiacha, hupungua mpaka zisionekane. Ndiyo maana kabla ya kupimwa hushauriwa kula gluteni kila siku kwa takriban wiki 6. Onyo hilo wameliweka nyuma ya karatasi, kwa herufi za sisimizi! Boksi lilikuwa na vipimo viwili, basi dada naye akajipima. Mstari mmoja. Huyu ambaye alishaingizwa kamera tumboni na kukatwa vinyama vya utumbo mwembamba, na majibu yakawa wazi. Kipimo hakikukosea, hagusi ngano siku nyingi, na kingamwili zimeshuka. Lakini mtu aliyeacha mkate kimyakimya halafu akajipima, si atajiona mzima?

Tena kinasoma kingamwili za aina moja tu, iitwayo IgA. Wapo wagonjwa ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, nao watapata mstari mmoja vilevile. Maabara hupima pia kiwango cha IgA yote, hiki hakipimi.

Nilipokipeleka kibao kwa daktari hakukidharau, ila alitoa damu ya mshipani, akaagiza kamera, akanikataza kuacha mkate mpaka vinyama vichukuliwe. Sasa nasoma lebo: alama ya "bila gluteni" kwa kawaida maana yake ni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, na kibaniko cha mkate nina changu.

Kinunue kama bado unakula ngano na unataka sababu ya kwenda hospitali. Kama umeshaacha, hela zako zihifadhi. Wakihamishia lile onyo mbele ya boksi, nitaongeza nyota ya nne.